Mtemi Kasema

Kuna jambo nimelikana kwa zaidi ya miaka ishirini, mbele ya marafiki, mbele ya mume wangu, na mara moja mbele ya ukumbi mzima wa watu waliokuja kunisikiliza nikizungumzia uongozi katika fasihi. Jambo lenyewe ni hili: mwaka ule nilioishi Geita, chini ya mtu ambaye mji mzima ulimwita dhalimu, nilikuwa na amani kuliko mwaka mwingine wowote wa ujana wangu. Nimeandika makala nyingi za kupinga ubabe wa watawala. Baadhi ni nzuri. Katika zote nimejitahidi msomaji asijue kwamba mwandishi aliwahi kuamriwa na mwanamume asiyemhusu awe ndani kabla giza halijaingia, akatii, na akapata usingizi mzuri.

Nakiri sasa kwa sababu mtu huyo amefariki, na kwa sababu binti yake, Kabula, alinipigia simu juzi kutoka Mwanza, anakofanya kazi ya udaktari wa mifugo. Alikuwa mwanafunzi wangu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akasema, "Mwalimu, baba amefariki." Nikampa pole. Akaipokea kwa haraka, kama mtu anayepokea chenji ndogo, kisha akasema ukoo unataka yeye ndiye asome wasifu wa marehemu kaburini, huko Tinde, na yeye hatasoma mpaka ajue kitu kimoja. "Wewe ndiye uliniambia. Ulisema ulisikia kwa masikio yako, Mtemi kasema washuke. Bado ndivyo unavyokumbuka?" Nilikuwa jikoni kwangu, Kambarage, Shinyanga, mwiko mkononi na ugali ukianza kuungua. Nikamwomba anipe muda nifikiri. "Muda," akasema. "Haya, Mwalimu. Nitapitia kwako nikielekea Tinde."

Tangu hapo nimekuwa nikifikiri, na kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa, hali ambayo kwa mtu wa taaluma yangu si ngeni, ila safari hii hailipwi.

Nilifika Geita nikiwa na digrii ya fasihi na viatu visivyofaa kwa barabara zake. Ajira ya serikali nilikuwa naisubiri kama wenzangu wote, na shule moja ya binafsi ilikuwa inatafuta mtu wa kufundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na sita. Chumba nilipata nyuma ya nyumba ya Masanja, baba yake Kabula. Usoni tulimwita Baba Kabula, mgongoni tulimwita Mtemi. Alikuwa na duara lake, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, kwenye machimbo ya nje ya mji, na vijana wake walilala katika mabanda ya uani na kula kutoka sufuria moja na sisi. Chumba changu kilipakana na stoo ya mabuti. Ukuta ulikuwa wa mbao, hivyo nililala na harufu ya mpira, tope na soksi za watu wasiopungua ishirini, na nilisikia kila kilichosemwa uani, kiwe cha kunihusu au la. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, jioni ugali na dagaa, na nyama pale ambapo Baba Kabula alisema leo ni nyama. Hakuna aliyegusa kipande kabla hajasema, "Haya." Hiyo "haya" aliisema kama hakimu.

Lazima nilieleze hilo jina lake, maana ndilo lililoniponza. Kwa Kisukuma ntemi ni mfalme, mwenye kiti na ngoma, anayekata kesi za watu na kutazamiwa mvua. Kwa Kiswahili cha mtaani mtemi ni mbabe, yule anayekukalia kiti chako na hakuna anayethubutu kumwambia ainuke. Mama Kabula alipompelekea mumewe maji ya kunawa na kumwita hivyo, alimaanisha la kwanza. Vijana walimaanisha la pili. Mwenyewe aliyaitikia yote mawili kwa sauti ileile, na mimi, msomi wa lugha, nilikaa katikati yao miezi mingi bila kuona kwamba hapo pana tatizo.

Kila alfajiri alikaa getini kwenye kiti cha kukunja. Vijana walipanga foleni kuchukua mabuti yao, na kila mmoja alipofika mbele yake aliambiwa neno moja tu: "Pumua." Kijana alipumua. Aliyenuka gongo hakupewa mabuti, na asiye na mabuti hakushuka shimoni siku hiyo. Hapakuwa na rufaa. Niliwahi kumsikia mmoja akijitetea kwamba ni dawa ya kikohozi. "Basi nenda ukakohoe," Baba Kabula akamjibu, "wenzako wakachimbe." Jumapili ilikuwa zamu ya simu. Aliwasimamisha mbele yake mmoja mmoja, akawapa simu yake mwenyewe, wampigie mama, na yeye akae hapohapo akisikiliza. "Mwambie umekula," alikuwa akiamuru. Kijana akasema, mama, nimekula. "Mwambie umekula nini." Niliandika shairi kali kuhusu uvunjwaji huo wa faragha. Jumapili iliyofuata akanikabidhi simu na mimi.

Kijana aliyenichekesha kuliko wote aliitwa Shija. Alikuwa na mwanya na mdomo usio na breki. "Mwalimu Digrii," aliniita, "hebu tusemee na sisi Kiingereza kidogo tulale vizuri." Siku nilipoomba kwenda kuliona duara, ndiye aliyenieleza kwamba mwanamke hasogei pale, anafukuza dhahabu, na mwanamke mwenye digrii huenda akaifukuza hadi ya mgodi mkubwa. Nikacheka, nikabaki nyumbani. Kwa hiyo sikuwahi kuyajua maisha ya shimoni isipokuwa yale yaliyopita kwenye ukuta wangu wa mbao.

Darasani tulikuwa tunasoma tamthilia ya kale ya Kiingereza, ya mfalme mwema anayeuawa na jemadari wake aliyemkaribisha nyumbani, na jinsi jemadari huyo anavyotwaa kiti na kuigeuza nchi kuwa machinjio. Swali la mtihani lilikuwa lilelile kila mwaka: mlinganishe mfalme mwema na mtawala dhalimu. Jioni moja Baba Kabula aliniuliza tunasoma nini mpaka binti yake anaongea peke yake bafuni. Nikamsimulia. Aliacha kula, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Huyo mfalme alilala kwa mtu. Walinzi walikuwa wapi?"

"Walilewa, Baba Kabula. Walileweshwa."

"Nani aliwanusa?"

"Hakuna."

"Hakuna aliyewanusa," akarudia, akamtazama mkewe kama anayemwonyesha ajabu. "Na huyo ndiye mnawafundisha watoto kwamba ni mwema?"

"Alikuwa mpole. Watu walimpenda."

"Walimpenda akiwa amekufa. Kabula, mwalimu wako anakulipisha ada bure."

Kabula alicheka mpaka dagaa wakampalia. Nilimweleza kwa hoja, na hoja zilikuwa nzuri, kwamba uadilifu wa mtawala haupimwi kwa walinzi wake. Nikalala nikiwa sina hakika. Sidhani kama nimewahi kuwa na hakika tena.

Mwishoni mwa mwaka mwalimu mkuu alitaka igizo la uongozi bora siku ya wazazi. Kiingereza wazazi wasingekielewa, nikajitolea kuitafsiri tamthilia. Mfalme mwema nilimwita mfalme. Kwa dhalimu nilitaabika. Dhalimu lilikuwa neno la vitabuni, dikteta lilikuwa la magazetini. Nilitaka neno linalotembea kwa miguu, na siku moja nikalisikia kupitia ukutani, nikalichukua: mtemi. Nilijipongeza sana. Kabula alisoma tafsiri yangu akiwa amekaa kitandani kwangu.

"Mwalimu, huyu ni baba."

"Huyu ni mhusika."

"Anaitwa Mtemi."

"Ni neno tu la Kiswahili, Kabula."

Akafunga karatasi. "Sawa," akasema. "Basi nitaigiza mimi."

Siku yenyewe bwalo lilijaa. Wazazi wa mjini na vijana wa machimbo walisimama nyuma, wazee kutoka vijijini walipewa mabenchi ya mbele, na Baba Kabula alikaa pamoja nao, kofia magotini. Mpiga mbiu akapaza sauti, "Mtemi anakuja!" Hapo ndipo nilipoanza kuona nilichofanya. Wazee wakainuka. Wanawake wawili wakapiga goti. Makofi yakaanza, yale ya polepole ya heshima, na Kabula akaingia amevaa koti la baba yake, akitembea kwa mwendo wa baba yake, akikohoa kikohozi chake. Nyuma, vijana wakaangua kicheko na kuanza kuitikia, "Mtemi! Mtemi!" Mbele walimshangilia mfalme wao, nyuma walimzomea mbabe wao, neno ni moja. Kadiri Kabula alivyoua watu jukwaani ndivyo wazee walivyotikisa vichwa kwa kukubali kwamba ntemi ana sababu zake. Alipoanza kupangiwa njama ya kuangushwa, mzee mmoja akaguna kwa sauti kwamba haya ni mambo ya vijana wasiolelewa. Baba Kabula alikuwa akicheka mwanzoni, niliona mabega yake. Halafu akageuka, akawaona vijana wake mwenyewe wanalizomea koti lake, na akaacha. Alivaa kofia akatoka kabla binti yake hajauawa. Mtemi alipoanguka, bibi mmoja wa mbele aliniuliza kwa huzuni ya kweli, "Sasa mmemuua, mwanangu, mvua ataileta nani?"

Kesho yake getini hakuna aliyeambiwa apumue. Baba Kabula alisimama na begi lake akasema, "Kuanzia leo asiniite mtu Mtemi. Nina jina." Akamkabidhi duara msimamizi wake, Luhende, akaenda Tinde kwa ng'ombe wake. Kununa kwa mtu mkubwa ni kitu cha kutisha kuliko hasira yake. Mama Kabula alitandika kitanda kilekile kila asubuhi kana kwamba alilala mtu.

Luhende alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi. Chini yake uani kulibadilika. Mabuti yalitoka stoo na kutapakaa, kila mtu akichukua yake apendavyo. Nyama ilipakuliwa na aliyewahi. Redio mbili zilipigwa kwa pamoja. Vijana walimpenda, walimzunguka wakati wa kula na kumsimulia shida zao, naye akasikiliza kila mmoja mpaka mwisho. Nami nilifurahi. Nilidhani nimeleta jamhuri. Nililala vibaya kwa kelele, lakini nilijiambia kwamba uhuru ndivyo unavyosikika. Mvua nayo, licha ya hofu ya yule bibi, ilikuja, na ilipokuja haikujua kuacha.

Asubuhi ya siku ninayoulizwa nilikuwa jikoni na Mama Kabula, mkononi bakuli la michembe. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Shija aliingia akiwa amelowa, akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Mtemi kasema tushuke leo. Tunaomba zile taa."

Mama Kabula hakuuliza. Alifungua kabati akampa taa. Wakati huo simu zilikuwa zimeshaenea, mtu aliweza kutawala Geita akiwa Tinde, na mke hakuwa na desturi ya kumhoji mumewe kupitia mchimbaji. Shija akanigeukia. "Mwalimu Digrii, mfalme wako mwema hajambo?" Nikamwambia alikufa ukurasa wa thelathini. "Afadhali," akasema, akacheka kwa mwanya wake, akatoka.

Matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo, yalikuwa yamekula maji kwa siku nyingi. Duara lilibomoka kabla ya adhuhuri. Wenzake walitolewa wakiwa na majeraha. Shija alitolewa mwisho, amekufa. Wakubwa wa serikali walikuja wakalifunga shimo, wakauliza nani alitoa amri, na kila aliyeulizwa alijibu: Mtemi alisema. Mji mzima ulimjua Mtemi ni nani. Baba Kabula alirudi kutoka Tinde, akabeba jeneza begani, akaitwa kituoni, akaenda, akaachiwa. Hakumlaumu mtu na hakukanusha kitu. Kabula alimsimamisha palepale uani, mbele yetu. "Baba, uliwaambia washuke?" "Mtu akianza kujieleza kwa watoto wake," akasema, "kesho ataomba ruhusa ya kuingia kwake." Akaingia ndani.

Kabula akaja chumbani kwangu. Aliniuliza nilichosikia, nikamwambia nilichosikia, neno kwa neno. Hakulia. Tangu siku hiyo hakula tena chakula cha baba yake. Alimaliza shule, akasoma chuo, akawa daktari wa mifugo, na kila mwaka alienda Tinde, walikohamia wazazi wake, kuwachanja ng'ombe wa mzee. Alitibu ndama wake, akamsalimia kwa heshima zote, akaondoka na njaa. Mama yake alimwekea sahani mpaka mama mwenyewe alipofariki. Na mimi nikarudi Shinyanga nikiwa na msimamo. Ningewezaje kusema kwamba nilipenda kuambiwa "haya" kabla ya kula, wakati Shija amekufa kwa amri ya sauti hiyohiyo? Nilikana. Niliandika makala. Ila kila nilipofika mahali pa kueleza dhalimu anafananaje, mkono uliandika mtu anayenusa pumzi za vijana getini, na ilibidi nifute.

Kabula alifika kwangu jana alasiri, vumbi la barabara usoni. Alikaa kwenye kochi bila kuegemea. Nikampa chai. Nikamwambia nimefikiri, na ninachokumbuka hakijabadilika: Shija, taa, Mtemi kasema tushuke. Nikamwambia pia, kwa mara ya kwanza, kwamba nilikuwa na amani kwao. Alinitazama kama naongea Kichina. "Mimi pia, Mwalimu," akasema. "Ndiyo maana siwezi kusoma." Hapo simu yangu ikaita. Namba ngeni. Simu yangu imeharibika, haisikiki ila kwa spika, hivyo sauti ya mzee ikajaa sebule.

"Mwalimu? Mimi Luhende. Wa kule duarani."

"Shikamoo, Mzee Luhende."

"Marahaba. Namba nimepewa na watu wa msiba. Nasikia mtoto amekataa kusoma."

"Amekataa."

"Kwa sababu ya lile neno, Mtemi kasema." Alikohoa. "Lilitoka kwako, ndiyo maana nakwambia wewe. Bosi alipokataza asiitwe Mtemi, vijana walikuwa wameshazoea kuwa na Mtemi. Wakaanza kuniita mimi, kule duarani tu, si uani. Siyo kwa kunitania. Kwa Kisukuma. Walisema sasa tumepata ntemi wa kweli, anayesikiliza watu. Nikafurahi, mwalimu. Nilikuwa sijawahi kuitwa kitu."

Kabula aliweka kikombe chini.

"Asubuhi ile waliniomba," mzee akaendelea. "Krismasi ilikuwa inakaribia, wanataka kwenda kwao na kitu mkononi. Nikakataa. Wakaniomba tena. Mimi kukataa mara ya pili sijui. Nikasema shukeni, nikamtuma Shija taa."

"Baba Kabula alijua?"

"Angejuaje? Alikuwa amenuna Tinde. Sikumpigia, nilijua atakataa. Nilimwambia siku ya maziko. Akanizaba makofi mawili nikaanguka. Akaniinua. Akasema, nyamaza, ukisema ndugu za Shija watakuua, mimi hawaniwezi. Na vijana walioshuka akawaamuru nao wanyamaze."

"Na miaka yote hii, mzee? Mtoto wake alikuwa hali chakula kwake."

"Nilikuwa nangoja aniruhusu niseme," akasema Luhende. "Kila nikienda Tinde nangoja. Hakuniruhusu. Sasa hayupo wa kuniruhusu."

Niliwatafuta kichwani mfalme mwema na mfalme mbaya, niwaweke kila mmoja mahali pake, sikuwaona. Nilimwona mtu mmoja aliyenuna na mwingine aliyefurahi, na neno langu katikati yao. Kabula alinyoosha mkono akachukua simu.

"Shikamoo, Baba Luhende. Ni Kabula."

Upande wa pili kulikuwa na kuku na redio ya mbali. "Marahaba," akajibu.

"Kesho njoo mapema," Kabula akasema. "Haya uliyosema utayasema mwenyewe, mbele ya watu wote. Ukimaliza, mimi nitasoma."

"Nitasema," mzee akajibu. Kisha, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, "Nisimame upande gani?"

"Upande wetu," Kabula akasema, akakata simu.